Gede Kuna Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Chungu Iko Wapi?

Wasee, leo hebu tuanze na majina.

Kuna mji wa kale unaitwa Gede, ndani ya msitu karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi. Waswahili waliishi pale kwa mamia ya miaka, halafu katika karne ya 17 mji ukahamwa, msitu ukaingia. Ukizunguka magofu utaona msikiti mkubwa, jumba la mfalme, visima, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Halafu kuna nyumba za watu, na kila nyumba ina jina lake. Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Bakuli la Kaure. Nyumba ya Pesa za Kichina. Nyumba ya Ushanga wa Venice. Nyumba ya Taa ya Chuma. Nyumba ya Kijisanduku cha Pembe.

Majina haya hayakutoka kwa wenyewe waliolala humo. Yalitoka kwa aliyechimba. Mwingereza anaitwa James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948, akakaa na kazi hiyo karibu miaka 10. Akikuta kitu cha kumvutia ndani ya nyumba fulani, nyumba inabeba jina la hicho kitu. Amekuta mkasi, basi Nyumba ya Mkasi. Amekuta sarafu kutoka China, basi Nyumba ya Pesa za Kichina. Rahisi tu, na kwa kweli yanasaidia kukumbuka.

Sasa fikiria hivi. Kila nyumba ya Gede ilikuwa na watu, na watu hula. Kila nyumba ilikuwa na mafiga, na juu ya mafiga kulikuwa na chungu. Mkasi ulipatikana kwa nyumba moja. Vigae vya vyungu vya udongo vilipatikana kila mahali, kila tabaka, kila kona. Lakini pita nyumba zote hizo, soma vibao vyote, Nyumba ya Chungu hutaiona.

Hilo ndilo ninalotaka tuongelee. Si Gede peke yake. Ni vile sisi wenyewe tunaangalia vitu vya kale kwa makavazi, na kile ambacho macho yetu yamefundishwa kuruka.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kaure ni zile sahani na bakuli laini za Kichina, nyeupe zenye michoro ya samawati, ama zile za kijani kibichi kama maji ya bahari asubuhi. Zililetwa na majahazi, zikapita mikono mingi, zikafika pwani yetu. Zilikuwa bei, na watu walizipenda sana hadi wakazipachika ukutani na makaburini. Ukifika Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuna kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za Kichina. Kulikuwa pia na mitungi ya Ghuba ya Uajemi iliyopakwa rangi ya kijani-samawati inayong'aa. Hiyo ilifika Manda na Shanga, kwa visiwa vya Lamu, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Vyungu vya udongo ni vile unavyovijua. Rangi ya kahawia ama nyeusi, havijapakwa kitu cha kung'aa, vimefinyangwa kwa mkono bila gurudumu, vimechomwa kwa moto wa wazi.

Na hii hapa ndiyo hesabu iliyonifanya nikae chini niandike. Ukichimba mji wa kale wa Waswahili halafu ukahesabu vigae ulivyopata, vile vya kutoka ng'ambo kwa kawaida havifiki 5 kwa kila 100. Vile 95 na zaidi vilivyobaki ni udongo wa hapa hapa. Sasa jiulize: picha uliyonayo kichwani ya miji ya kale ya pwani imejengwa na vile 95 ama vile 5?

Kama hujawahi kuona vitu hivi, mahali rahisi pa kuanzia ni Fort Jesus, Mombasa. Historia yake kwa kifupi: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Waomani wakaizingira kuanzia 1696 na kuiteka 1698. Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kama makavazi, na Kirkman huyo huyo wa Gede akawa msimamizi wa kwanza. Tangu 2011 iko kwa orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na Gede yenyewe imeingia juzi tu, 2024.

Ndani yake kuna ukumbi wa maonyesho wenye vitu vilivyochimbwa Gede, Manda, Ungwana na kwingine. Kuna pia vitu kutoka meli ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa yale mapigano, na wapiga mbizi wakaichimba chini ya maji kati ya 1977 na 1980. Kwa hivyo ukifikiria vizuri, chungu cha mama wa Gede leo kinaishi ndani ya ngome ya Mreno iliyokuwa jela ya Mwingereza. Maisha.

Mimi hupita pale mara kwa mara, na ukweli usemwe, huwa naangalia watu kuliko vitu. Watu wakiingia ukumbini wanafanya vile vile. Kwa kaure wanasimama, wanainama, simu inatoka. Kwa vitu vya meli wanasimama tena, watoto wanauliza maswali. Kwa kigae cha udongo, hatua tatu wamepita. Halafu wanatoka nje kupiga picha na mizinga. Nikiingia mtandaoni kutafuta video za Fort Jesus, sisi watengeneza kontenti tuko vile vile: kuta, mizinga, bahari, jua likizama, wimbo wa taarab nyuma. Safi kabisa. Lakini ni nadra sana kumwona mtu ameshikilia kamera yake kwa chungu hata sekunde 10.

Utasema, buda, ni chungu tu, kwani shida iko wapi?

Shida iko hapa. Nilisomea shule fulani ya pwani, sitaitaja. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha somo la miji ya pwani kwa sentensi tatu hivi: watu walikuwa wanaishi porini, wageni wakaja kwa majahazi, miji ikajengwa. Darasa zima tulikuwa watoto wa Kigiriama, Kidigo, Kirabai, Kibajuni, Kijomvu, na wengine waliohamia kutoka bara. Tuliandika kwa daftari, tukapiga mstari. Mtihani ukaja, tukajibu hivyo hivyo, tukapewa alama. Hakuna aliyeuliza: sasa hao watu wa porini walikuwa wanapikia nini?

Na mwalimu hakujitungia. Hiyo habari ilikuwa imeandikwa na wasomi wakubwa. Kitabu cha Kirkman kuhusu Gede kilichotoka 1954 kinauita mji huo mji wa Waarabu, tena kwenye jalada, kabla hata hujafungua ukurasa wa kwanza. Kwa akili ya wakati ule wa ukoloni, mtu akiona nyumba ya mawe, msikiti na bakuli la Kichina, jibu lilikuwa tayari: huyu lazima alitoka kwingine. Ule mlima wa vyungu vya kienyeji uliokuwa ukitoka shimoni ulionekana kama takataka za jikoni tu, ama vyombo vya watumishi.

Halafu watu wakaanza kuangalia hizo takataka vizuri.

Mwaka 1980 Mark Horton na wenzake walianza kuchimba Shanga, kisiwani Pate. Walishuka chini, tabaka baada ya tabaka. Juu kulikuwa na msikiti wa mawe. Chini yake msikiti mwingine, chini yake mwingine, hadi kufika misikiti midogo ya miti na udongo ya karne ya 8. Na kule chini kabisa, mahali mji ulipoanzia, kulikuwa na nini? Vyungu vya kienyeji. Mji haukushuka kutoka kwa jahazi ukiwa tayari. Ulianza kama kijiji cha watu wa hapa, ukakua, ukapokea dini, ukapokea wageni, ukajenga kwa mawe baadaye.

Hivyo vyungu vya chini vina alama yake. Shingoni vimechorwa pembetatu, mstari kwa mstari, kwa kijiti ama kitu chenye ncha kabla udongo haujakauka. Watafiti wengi wanaviita vyungu vya Tana, kutokana na Mto Tana. Wenzetu wa Tanzania, akina Felix Chami, wao wanaviita kwa zile pembetatu zake. Sasa sikiza: vyungu vya aina hiyo hiyo vimepatikana kuanzia visiwa vya Lamu hadi Msumbiji na visiwa vya Komoro. Na si ufuoni tu. Vimepatikana ndani, kando ya Mto Tana na katika nchi iliyo nyuma ya pwani, mahali ambapo hakuna nyumba ya mawe wala bakuli la Kichina.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mtu wa kisiwani na mtu wa bara walikuwa wanapikia chungu kimoja. Chungu kizito cha kupikia si mali ya anasa ambayo mtu atafunga safari ya baharini kuinunua. Mtu hufinyanga kile mama yake alimfundisha. Chungu kikifanana kutoka mtoni hadi kisiwani, walimu walikuwa wanafanana pia. Ule ukuta tuliojengewa shuleni, Mswahili huku na mtu wa bara kule, vyungu havikuwahi kuusikia.

Ukirudi nyuma zaidi kuna vyungu vya Kwale. Ndio, Kwale yetu hii, ya South Coast. Vilitambuliwa huko kwanza, ndiyo maana jina la Kwale liko kwa vitabu vya akiolojia duniani. Ni vya karne za kwanza-kwanza baada ya Kristo, na jamaa zake vimefuatiliwa hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Na kama wewe ni mtu wa Nyanza usijisikie umeachwa: vyungu vya Urewe, ambavyo ni vya zamani zaidi, vimepewa jina la mahali kule Siaya. Yaani vijiji viwili vya Kenya vimebeba majina ambayo mwanafunzi wa akiolojia popote Afrika lazima ayakariri. Uliambiwa hiyo shuleni? Mimi sikuambiwa.

Sasa kuna mtu ameanza kukasirika. Anasema huyu anataka kufuta Waarabu na Waajemi kwa historia. Hapana. Tulia.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya Waswahili, ikiwemo Manda, Mtwapa na Faza kwa upande wetu. Chapurukha Kusimba, Mkenya, ni mmoja wa walioongoza kazi hiyo. Matokeo yalikuwa hivi: wengi wao walikuwa na damu ya pande mbili. Upande wa Asia, ambao sehemu kubwa ni Uajemi, ulianza kuchanganyika na wa hapa karibu mwaka 1000, na ulipitia zaidi kwa wanaume. Upande wa Afrika, ambao kwa wengi ulikuwa zaidi ya nusu, ulipitia zaidi kwa wanawake. Kwa hivyo zile hadithi za wazee wa mjini kuhusu mababu waliotoka ng'ambo si uongo. Zina ukweli wake.

Lakini hebu angalia picha yote. Baba alikuja na jahazi, pengine na bakuli la kaure mkononi. Mama alikuwa hapa, na chungu chake. Sisi tukachukua bakuli la baba, tukaliwekea taa, tukaita nyumba kwa jina lake. Chungu cha mama tukakiita kigae.

Hiyo ndiyo inaniuma. Na watoto walikua wakiongea lugha gani? Ya mama. Maneno mengi ya Kiarabu yaliingia, sawa, lakini mifupa ya Kiswahili ni ya Kibantu. Chungu ni neno la Kibantu. Jiko ni la Kibantu. Mto, moto, maji, udongo, mama. Mambo ya jikoni na ya kulea watoto yalibaki kwa lugha ya waliokuwa jikoni wakilea watoto.

Na usifikirie haya ni mambo ya kale tu. Pwani hii, swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni halibaki darasani. Linaingia kwa mashamba, kwa kazi, kwa foleni ya kitambulisho, kwa siasa kila uchaguzi. Kijana wa Kigiriama akiambiwa tangu utotoni kwamba miji ya pwani haina mkono wake, anaamini. Kijana wa Mji wa Kale akiambiwa kwamba yeye ni mgeni aliyeletwa na upepo, naye inamkata. Wote wawili wamenyimwa kitu ambacho kimelala ndani ya sanduku la vigae.

Sasa nikwambie kuhusu hawe wangu. Hawe ni nyanya kwa Kigiriama. Yeye alikuwa mfinyanzi. Alichimba udongo mwenyewe, akautwanga, akautoa mawe, akauchanganya na mchanga ili chungu kisipasuke kikiona moto. Aliuza vyungu vya kupikia na mitungi ya maji. Halafu sufuria za alumini zikashuka bei, ndoo za plastiki zikajaa, wateja wakaisha. Aliacha kabla mimi sijazaliwa. Mtungi mmoja tu ulibaki nyuma ya nyumba, mdomo umemeguka, kuku wanakunywa maji hapo.

Siku moja alikuja Mombasa hospitalini kuangaliwa macho, na tulipomaliza mapema nikampeleka Fort Jesus. Alitembea polepole. Kaure aliitazama, akasema ni nzuri, akaendelea. Alipofika kwa vigae vya kienyeji alisimama. Akasogea hadi pumzi yake ikagusa kioo. Nikamwambia, hawe, hivi ni vya zaidi ya miaka 1,000. Hakunijibu. Aliinua kidole akafuata zile pembetatu bila kugusa, moja baada ya nyingine, halafu akacheka.

"Huyu alikuwa na haraka," akasema. "Tazama hapa, mistari haikukutana. Labda mvua yaja."

Nikaangalia. Kweli, pembetatu mbili za mwisho zilikuwa zimepishana.

Kisha akaninyooshea kigae kingine. "Na hiki kilipikiwa sana. Huoni masizi? Hiki kilikuwa chungu cha kila siku." Akaeleza kwamba mdomo uliogeuka nje ni wa kushikilia kifuniko na kuzuia mchuzi usimwagike, kwamba ile shingo nyembamba ni ya maji si ya chakula. Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza. Halafu watatu. Kwa dakika chache mama mmoja wa kijijini, ambaye hajui kusoma, ndiye alikuwa mwalimu wa ukumbi mzima.

Baadaye nilisoma jinsi wanaakiolojia wanavyofanya kazi na nikagundua wanauliza maswali yale yale. Wanaangalia masizi kujua chungu kilikaa motoni ama la. Wanaangalia mdomo na shingo kujua kilikuwa cha kazi gani. Wanaangalia mchanga uliomo ndani ya udongo kujua ulichimbwa wapi. Siku hizi wanatafuta hata mafuta yaliyonywewa na udongo, wajue kilipikwa nini. Tofauti ni kwamba wao wana maabara, na hawe ana vidole. Na vidole hivyo havitakuwepo milele. Kati yetu wajukuu wake hakuna anayejua kufinyanga. Wakiondoka wazee wa aina yake, vigae vitabaki kwa kabati lakini wa kuvisoma kwa namna hiyo hatakuwepo.

Najua kuna msee tayari ameandika kichwani: lakini kitu cha kung'aa ndicho kinavuta watu, makavazi yanahitaji watu walipe mlangoni. Naelewa. Lakini hebu tukumbuke mambo mawili.

Mwaka 2013 timu ya Kusimba na Sloan Williams ilipata sarafu moja ya Kichina kisiwani Manda, ya enzi za mfalme Yongle, mwanzoni mwa karne ya 15. Sarafu moja, ina shimo la mraba katikati. Habari ikazunguka dunia. Sawa, ni kitu cha maana, kinaonyesha tulikuwa kwa ramani ya biashara. Hiyo ni nguvu ya kitu cha kung'aa.

Lakini mwaka 2021 dunia nzima ilisimama tena kwa ajili ya Kilifi, na safari hii hakukuwa na kitu cha kung'aa hata kimoja. Ndani ya pango la Panga ya Saidi walipata kaburi la mtoto wa kama miaka 3, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Ndilo kaburi la zamani zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Watafiti wakamwita Mtoto, kwa Kiswahili, jina hilo hilo hadi kwa majarida ya Ulaya. Mifupa yenyewe ilikuwa laini kama unga, haionekani kwa macho ya kawaida. Lakini alikuwa amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na inaonekana kichwa chake kiliwekewa kitu kama mto. Watu walilia wakisoma hiyo habari. Kwa nini? Kwa sababu waliambiwa kuhusu mtu, si kuhusu mifupa.

Kwa hivyo si kweli kwamba kigae hakiwezi kuvuta watu. Kigae hakijapata msimulizi.

Haya ndiyo ningependa kuona, kwa makavazi yoyote ya kaunti, si Mombasa pekee. Weka chungu kizima cha kienyeji mahali pa kwanza mtu anapoingia, na kaure ifuate, ndiyo mgeni aonekane amekuja kwa nyumba iliyokuwa na wenyewe. Andika maelezo kwa Kiswahili kinachosomeka, na usiandike karne tu. Andika kilipika nini, kilikaa wapi nyumbani, masizi yako upande gani. Kwa vile vigae viko kwa maelfu na vingi vinafanana, toa vichache watoto wa shule wavishike. Mtoto akipitisha kidole kwa pembetatu iliyochorwa miaka 1,200 iliyopita hataisahau. Na waite kina mama wafinyanzi waliobaki, wakae ukumbini hata siku moja kwa mwezi, walipwe kama wataalamu, kwa sababu ni wataalamu.

Na sisi? Sisi tuna simu. Ukienda Fort Jesus, Gede, Lamu, Kisumu ama Kitale, piga picha ya mzinga ukitaka, halafu mpe chungu sekunde 30. Muulize anayekutembeza: hiki kilifinyangwa na nani? Maswali yakiwa mengi majibu yataanza kutayarishwa.

Kitu kimoja cha maana sana. Ukiokota kigae ufuoni ama kwa shamba karibu na magofu, usikitie mfukoni. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inakataza, lakini hata bila sheria, kigae kilichong'olewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari yake. Tabaka kililolala ndilo linalosema umri wake na majirani zake. Kipige picha hapo hapo, onyesha mahali, kisha peleka habari kwa makavazi ya karibu. Na ukiona tingatinga inasawazisha ploti yenye kuta za kale, usinyamaze.

Mwisho, nina ombi dogo. Piga simu nyumbani leo, kwa nyanya, kwa shosho, kwa dani, kwa hawe. Muulize chungu kinaitwaje kwa lugha yenu, na kila aina inaitwaje, kwa sababu cha maji, cha mboga na cha pombe havikuwa na jina moja. Wakikuyu wanasema nyũngũ, Wajaluo wanasema agulu. Kwenu je? Muulize pia nani wa mwisho kijijini aliyejua kufinyanga, na kama bado yuko. Niandikie hapa chini jina la chungu na mahali kinapotoka. Nitayakusanya yote, na nitampelekea hawe orodha nimsomee.